Njia ya Dereva Hewa

Ukiingia ofisi ya leseni za udereva, ghorofa ya juu kabisa, kitu cha kwanza utakachokiona ni ubao. Usifikiri ni ubao wa chaki. Ni skrini pana kama kitanda cha watu wawili, imetundikwa mkabala na mlango ili mgeni asiweze kuikwepa, na ndani yake kuna vijisanduku vilivyopangwa mstari: kufungua ukurasa, kuingia, kujaza maombi, kupakia picha, kutuma. Kisanduku kikiwa cha kijani, mambo shwari. Kikiwa chekundu, kuna watu wanateseka mahali. Kwa miezi mingi vyote vilikuwa vya kijani, na mkuu wa kitengo aliutazama ubao ule kila asubuhi kwa jicho la mzazi ambaye mtoto wake ameshika namba moja.

Aliyeutengeneza alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kusema na mzito wa kusahau. Wenzake walimwita Bi Sekunde, kwa sababu hata kwenye meza ya chai alikuwa akiwapima watu. "Umesimama na kijiko muda wote huo, mwenzetu, kwani unaiposa hiyo sukari?" Kuijua kasi ya mambo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tovuti ya leseni ilikuwa mikononi mwa wengine. Yeye alitakiwa kusema tu kama inakwenda au inasuasua.

Na hakuipima kwa kukaa mbele yake na saa ya mkononi. Aliandika maelekezo, kompyuta ikayafuata: inafungua kivinjari yenyewe, hakuna mtu aliyeshika kipanya, inaandika jina la mwombaji, inabonyeza kitufe, inapakia picha, inatuma maombi, na kila hatua inahesabu imesubiri kiasi gani. Ikimaliza inaanza upya, kutwa kucha, haichoki wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Sasa mwombaji huyo wa kubuni alihitaji jina, na ofisi nzima ikakubaliana aitwe Dereva Hewa, kwa mfano wa wale wafanyakazi hewa wanaokula mshahara na hawapo duniani. Dereva Hewa hakuwa na mikono, hakuwa na macho, hakuwahi kuona usukani hata kwenye picha. Lakini leseni alipata. Alipata asubuhi, alipata mchana, alipata jioni, na kila baada ya kupata, maombi yake yalifutwa ili aombe tena.

Bi Sekunde alimpenda Dereva Hewa kama mtu anavyompenda mbuzi wake aliyemlea mwenyewe. Alijua kila hatua yake. Kwa hiyo usishangae kwamba siku aliyoanza kumshuku, ilimuuma.

Ilianzia nyumbani. Bi Sekunde alikuwa akiishi ua mmoja na kaka yake mkubwa, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mpole mwenye mabega ya kubeba dunia. Huyo kaka ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, amempandisha juu kwenye lori la tani nyingi, mtoto amekaa mbele kama malkia, watoto wengine wote wamebaki midomo wazi. Mpaka leo Bi Sekunde akisikia honi ya lori moyo wake hukaa sawa. Na sasa kaka alikuwa hatoki. Alikuwa anashinda kwenye benchi la uani, simu mkononi, kwa sababu leseni yake ilikuwa imeisha muda na tovuti haikubali kumpa nyingine.

Zamani angekwenda dirishani, apange foleni, agombane kidogo na karani, arudi na leseni. Madirisha yalishafungwa. Ukifika getini, mlinzi anakuambia, "Mtandaoni, mzee, kila kitu mtandaoni," kisha anaendelea kusikiliza redio yake.

"Tazama," kaka alimwambia jioni ile. "Naingia vizuri. Najaza vizuri. Nikifika kwenye picha, hivi."

Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, mpaka yakatokea maneno: Jaribu tena baadaye.

"Baadaye ya lini?" kaka akauliza. "Mwenye lori kaniambia keshokutwa mchana gari linatoka, niwe na leseni nisiwe nayo. Nisipokuwa nayo anampa mtu mwingine. Na lori likishapata mtu, mdogo wangu, halirudi. Miaka yote hii nimelilea mimi lile gari."

Bi Sekunde akachukua simu akajaribu mwenyewe. Kiduara. Akajaribu kwa simu yake. Kiduara. Mlangoni, wifi yake alikuwa anashona, na cherehani yake ilikuwa na tabia moja: ikinyamaza, ujue maneno yanakuja. Ikanyamaza.

"Wifi," alisema mke wa kaka, "hivi wewe si ndiye mpimaji wa huko? Unapimaga nini hasa?"

Ungemtukana kabisa asingeumia hivyo. Bi Sekunde alilala na lile swali, akaamka nalo, akalibeba mpaka kazini. Akasimama mbele ya ubao. Kupakia picha: kijani. Kijani kabisa, hata aibu hakina.

Akaenda kwa mkuu wa kitengo. Mkuu alikuwa mtu wa tai na manukato, mwenye sauti ya kukubembeleza huku anakutoa mlangoni. Bi Sekunde akamweleza: watu wanakwama kwenye picha, kaka yake anakwama, yeye mwenyewe amekwama.

"Dada yangu," mkuu akasema, "ubao hauongopi. Umeutengeneza mwenyewe. Labda simu ya kaka yako ni ya zamani."

"Na yangu?"

"Labda mtandao wa huko kwenu."

"Na majirani zangu wote? Na wale waliojaa getini?"

"Watu wetu hawajazoea teknolojia," mkuu akasema kwa upole mkubwa. Akatazama saa. "Na kesho tuna wageni wa bodi, wanakuja kuuona ubao. Wakiridhika, mfumo huu unakwenda mikoa yote, na madirisha yote yanafungwa. Tusianze kuwatia watu hofu."

Watu wetu hawajazoea teknolojia! Mtu ameshika simu yake vizuri, amejaza jina lake vizuri, amejipiga picha ukutani kama alivyoagizwa, kofia kavua, kisha anaambiwa hajazoea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Bi Sekunde alirudi mezani kwake, akafanya kitu ambacho, akifikiria baadaye, alishangaa kwa nini hakukifanya mapema.

Alimzalia Dereva Hewa mdogo wake. Maelekezo yale yale, picha ile ile, kompyuta ile ile, tofauti ilikuwa jina tu. Akamwachia aende. Mdogo mtu akafungua ukurasa, akaingia, akajaza, akafika kwenye picha, akakwama. Nyekundu. Akamrudisha mwanzo. Nyekundu. Akamwita kaka mtu, Dereva Hewa mwenyewe, akapita mbio kama anafukuzwa. Kijani.

Jina tu! Bi Sekunde hakuhitaji kuambiwa na mganga. Alishuka chini kwenye chumba cha seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, chumba chenye baridi ya kukausha midomo, kwa fundi ambaye ofisi nzima ilimwita Kimya. Kimya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hukuambia kila kitu, mradi umemuuliza.

"Fundi, Dereva Hewa anapita wapi?"

Kimya akavuta pumzi. "Ana seva yake."

"Seva yake?"

"Ya peke yake. Ile nyingine ni ya wananchi wote. Ile ya pembeni ni ya Dereva Hewa. Anapoingia, mfumo unalitambua jina lake, unampeleka kule. Nilidhani unajua."

"Nani alisema?"

"Mkuu. Ubao uliwahi kuwa mwekundu siku moja ya ukaguzi, unakumbuka? Akasema maombi ya Dereva Hewa yanawasumbua wananchi, bora awe na njia yake. Nikaona si neno baya."

Na kweli, ukilitazama haraka, si neno baya. Ndivyo mambo ya kijinga yanavyoingia ofisini, yanaingia yamevaa sare. Mzuka hauna gari la kuendesha, lakini umepewa barabara nzima peke yake, na ndiyo barabara inayopimwa. Watu wenye mikono na watoto wamesongamana kwenye ile nyingine, haipimwi, kwa hiyo haina tatizo. Bi Sekunde alikuwa amekesha akihesabu kasi ya gari moja kwenye barabara tupu. Alijiona mjinga, kisha hasira ikaja ikaufukuza ujinga wote.

Alipanda ngazi bila kusubiri lifti. Safari hii hakubisha hodi.

Alimkuta mkuu anarekebisha tai kwenye kioo cha simu. Akamwambia yote, na akaongeza maneno mawili matatu ambayo wifi yake angeyafurahia. Mkuu hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Bi Sekunde zaidi. Alifunga mlango, akavuta kiti, akamwambia akae.

"Tatizo lako ni kaka yako," mkuu akasema. "Nakuelewa. Kaka ni kaka. Niletee jina lake. Kimya ataliweka pamoja na la Dereva Hewa, atapita njia ile, atamaliza kabla chai haijapoa."

Bi Sekunde akainuka kitini.

"Usione vibaya," mkuu akaendelea, sauti imelainika. "Hatakuwa wa kwanza. Shemeji yangu kapita huko. Watoto wa mjumbe mmoja wa bodi wamepita huko. Mimi sikatai kumsaidia mtu. Ila ubao tuuache."

Kumbe! Kumbe njia ya mzuka ilishakuwa njia ya mashemeji. Bi Sekunde akafungua mlango, akatoka. Na tusimpambe: alivyokuwa anatoka, moyoni alikuwa ameshaanza kufurahi. Kaka atapata leseni. Kaka ataondoka na lori lake.

Jioni akawaeleza wote wawili pale uani. Cherehani haikuthubutu kugusa uzi. Alipomaliza, akamtazama kaka, na labda alikuwa anategemea kaka atakataa. Kaka alikuwa mtu wa haki. Barabarani aliwahi kusimamisha lori zima kumrudishia mwanamke kandambili iliyodondoka. Akikataa yeye, basi lawama ya kulikosa lori haitamwangukia Bi Sekunde.

"Nipitishe," kaka akasema.

"Kaka..."

"Mdogo wangu, mimi si mtume. Nina lori linatoka kesho mchana. Nipitishe."

"Damu nzito kuliko maji, wifi," mke wa kaka akaongeza. "Hao wakubwa wote wana wa kwao huko juu. Sisi wa kwetu ni wewe."

Hakuna aliyesema uongo pale. Bi Sekunde akaahidi.

Asubuhi alifika mapema, akashuka moja kwa moja kwa Kimya. Kimya alishapigiwa simu na mkuu. Alikuwa amefungua mahali penyewe. Mstari mmoja tu, mfupi: seva ya pembeni impokee pia mwombaji mwenye jina hili.

"Andika la kaka yako hapo, mbele ya koma," Kimya akasema, akasogeza kiti.

Akaandika. Majina yote matatu, la kaka, la baba na la babu. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Chumba cha seva kina kidirisha kimoja cha juu kinachotazama getini. Bi Sekunde alikitazama, bila sababu, ndivyo macho yanavyofanya mkono ukisita. Nje, kando ya ukuta wa ofisi, walijaa watu. Walikuwa wameegemea ukuta, wengine wamechuchumaa, simu wameziinua juu kuelekea madirisha. Kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba ukisogea karibu na ofisi tovuti inashika vizuri zaidi, wakaamini, wakawa wanakuja hivyo kila siku. Mama mmoja alikuwa anaifuta simu yake kwa ncha ya kanga, anaipuliza, anaibandika ukutani. Aliibandika kweli, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani.

Bi Sekunde alipandwa na hasira. Hakuwa na hasira na yule mama. Walimfanyia nini mtu mzima mpaka aufuate ukuta kuuomba leseni? Na yeye, Bi Sekunde, mpimaji, amekaa ndani ya ukuta ule ule anampitisha wa kwake kwa nyuma, na juu kule ubao unasema watu wote wazima.

Akayafuta majina matatu. Mahali pao akaweka nyota.

Kimya akainama kutazama. Katika kazi yao, nyota ikikaa mahali pa jina maana yake ni jina lolote. "Unajua hiyo nyota ni nini?"

"Ni kila mtu."

"Seva zote mbili zitabeba wote. Na Dereva Hewa?"

"Apange foleni kama wenzake."

Kimya alimtazama, kisha akafanya kitu ambacho ofisi nzima ingelipa kiingilio kukiona: alicheka. Akanyoosha kidole chake mwenyewe akabonyeza kuhifadhi.

Msiniulize kama mambo yalinyooka pale pale, maana hayakunyooka. Seva mbili ni bora kuliko moja, lakini waliokuwa wamekwama walikuwa wengi, na habari kwamba tovuti imeanza kukubali ilitembea ukutani kwa kasi ambayo hata Bi Sekunde asingeweza kuipima. Wote wakaingia kwa pamoja. Dereva Hewa akajikuta katikati ya watu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukaguzi, akafika kwenye picha, akasimama. Kisanduku kikawa njano. Kikawa chekundu. Kikakaa chekundu.

Ilikuwa imefika mchana, Bi Sekunde ameshapanda juu, na wageni wa bodi ndio walikuwa wanaingia, viatu vinalia sakafuni. Mkuu alikuwa mbele yao, mkono ameunyoosha kuelekea ubao kabla hajautazama. "Kama mnavyoona waheshimiwa..." Waheshimiwa wakaona.

Mkuu alipiga simu chini, akitaka Dereva Hewa arudishwe kwenye njia yake. Kimya akajibu kwa adabu zote kwamba neno la siri la seva limemtoka kichwani, ataendelea kulikumbuka. Basi mkuu akamgeukia Bi Sekunde mbele ya wageni, ule ulaini wote umemtoka. "Nani kachezea ubao wangu?"

"Mimi. Na sijauchezea. Sasa hivi ndiyo unapima."

Kutoka chini, ng'ambo ya ukuta, sauti ya mtu ikapaa: "Imekubali!" Kisha nyingine. Mgeni mmoja akasogea dirishani kuangalia ni kitu gani kinachoshangiliwa. Bi Sekunde naye angetaka kusogea, lakini simu yake ililia, na jina lilikuwa la kaka.

"Imekubali," kaka akasema. "Leseni ninayo."

"Alhamdulillahi, kaka!"

"Imekubali sasa hivi. Lori limeondoka." "Nilikuwa hapa hapa, nimesimama langoni nabonyeza, kijana wa watu anapanda kwenye kiti changu. Ulisema utaandika jina langu asubuhi."

"Niliandika."

"Sasa?"

"Nikalifuta. Nikaweka watu wote."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za uwanja wa malori, injini na honi. Kaka hakukata simu. Bi Sekunde alijua hapigi kelele kwa sababu hajawahi kumpigia kelele maisha yake yote. Angetukana ingekuwa nafuu.

"Ungeliacha," kaka akasema, "saa hizi ningekuwa barabarani."

Alimwangalia mkuu, tai yake, mkono wake uliokuwa bado unauonyesha ubao mwekundu kana kwamba ubao ndio uliokosa. Kwa nini yeye ndiye ajibu? Kwa nini kaka amdai yeye jibu, na yeye ajidai mwenyewe, halafu huyu amesimama hapa anadai kijani?

"Kaka, subiri," akasema kwenye simu. "Usikate. Yuko mtu hapa atakueleza kwa nini umelikosa lori."

Akaushika mkono wa mkuu, akamwekea simu kiganjani, akarudi nyuma hatua kumpisha. Wageni wa bodi waligeuka wote. Mkuu aliitazama ile simu asijue aishike vipi.

"Halo?" ikasema sauti ya dereva wa lori. "Halo, nani mwenzangu?"